Vifungo Viwili vya Shati

Nilimwahidi binti wa bondia mmoja mstaafu wa Malaba kwamba baba yake hatagusana na mzee aliyekuwa akija kutoka Tororo kupambana naye. Niliahidi nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu mjini Busia, chaki mkononi, siku ya Jumatatu ya wiki ile ile ambayo pambano lilipangwa kufanyika. Alikuwa amepanda baiskeli ya abiria asubuhi nzima, na vumbi lilikuwa limempaka miguu hadi magotini.

"Mwalimu, niahidi hawatagusana."

"Hawatagusana, dada. Ni maonyesho tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nakuahidi."

"Umeahidi haraka sana," akasema, kisha akamrudia mwenye baiskeli bila kuniaga.

Ni kweli niliahidi haraka. Nilijua kwamba hata katika pambano la maonyesho mabondia hupigana vingumi vyepesi, na kwamba haiwezekani watu wawili wacheze ngumi bila kugusana. Lakini nilidhani anatia chumvi, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye hofu. Jicho la kushoto la baba yake lilikuwa limeanza kuingia ukungu, nami nikahitimisha kwamba anaogopa litapigwa. Sikumwuliza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na nilikuwa na desturi ya kuwajibu watu kabla sijawauliza.

Nisilolijua, na ambalo msomaji yafaa alijue tangu sasa, ni kwamba wiki tatu kabla ya Jumatatu ile binti huyo alikuwa amekwenda kukaa na kijana mmoja ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na kijana huyo alikuwa mwana wa mzee wa Tororo. Wazee wa nyumba hizo mbili walikuwa wamekwisha kukutana mara moja. Basi mabondia wale wawili, waliokubali kupigana wakiwa mahasimu, walikuwa sasa wakwe. Na kwa watu wa pande zetu, baba wa mke na baba wa mume hawapigani, hawashikani mwili, na hakuna anayemwona mwenzake bila nguo ya kumsitiri. Likitokea lolote kati ya hayo kabla ndoa haijakaa sawasawa, ndoa inaweza kuvunjika, na binti hurudishwa kwao. Binti yule alikuwa amekuja kuiombea ndoa yake. Hakuweza kuniambia waziwazi, kwa sababu mazungumzo ya wazee hayakuwa yamekwisha, na mke mpya halitaji jina la baba mkwe wake. Alisema tu wasigusane, akaniachia mimi kuelewa.

Mimi ni mzaliwa wa Matayos, karibu na Busia. Sina kisingizio cha ugeni. Lakini niliondoka nyumbani nikiwa na miaka tisa kwenda shule za bweni, na mambo ya wakwe niliyasikia likizoni tu, kama mtu anavyosikia maneno ya chumba cha pili.

Pambano lilikuwa wazo langu. Huo ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, nami niliamini kwa moyo wote kwamba mpaka wetu ni mstari tu uliochorwa na wengine, na kwamba michezo ingeweza kuufuta polepole. Vijana wa Malaba walikuwa na chama kidogo cha ngumi, na mimi nilikuwa katibu wao. Kila Ijumaa jioni nilitoka Busia kwa baiskeli kwenda kuwafundisha, na Jumapili nikarudi. Tulikuwa tumejenga kibanda cha mazoezi karibu na stesheni ya reli. Nilitaka kukifungua kwa jambo ambalo watu wa pande zote mbili wangelikumbuka.

Aliyenipa jambo lenyewe bila kujua ni mwenye duka la vitambaa, Mwislamu mmoja wa makamo ambaye baba yake alifika Malaba pamoja na reli. Mzee huyu alikuwa shabiki. Kila alipopima kitambaa alipima na habari ya pambano moja la zamani, enzi za ukoloni, lililofanyika Tororo katika uwanja wa wafanyakazi wa reli, kati ya bondia wetu na bondia wao.

"Raundi tatu, mwalimu. Tatu! Hakuna aliyemshinda mwenziwe hata kwa unywele," aliniambia, futi ya chuma ikiwa hewani. "Ya nne inaanza, mvua ikashuka. Mzungu refa akakimbia na kofia yake. Wakasema sare. Sare gani? Mimi nilikuwa pale. Wa kwetu alikuwa ameanza kumpata na kushoto."

"Na watu wa Tororo wanasemaje?"

"Watu wa Tororo ni waongo."

Watu wa Tororo nao, nilipokwenda kuwasikiliza, walisema vivyo hivyo juu yetu. Miaka yote hiyo mashabiki wa pande mbili walikuwa wamengoja raundi ya nne. Mabondia wenyewe walikwisha kuacha. Wetu alikuwa akipima pamba kwenye kinu; wa kwao alikuwa na bucha, na tumbo kidogo. Nilipowaendea, miezi miwili kabla ya siku yenyewe, wote wawili walikubali papo hapo. Wetu aliweka jiwe la mizani chini, akakunja mkono wa kushoto, akautazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekua bila habari yake.

"Mwalimu," akasema, "hii raundi ya nne imenikaa hapa kooni."

Nilimkumbusha kwamba ni maonyesho, raundi tatu fupi, glavu nene, hakuna mshindi.

"Sawa, sawa," akajibu. "Wewe andika hivyo."

Mchoraji wa vibao wa Malaba alituchorea tangazo kubwa, akawachora walivyokuwa zamani, kifua wazi, misuli kama kamba za meli, ngumi zikikaribia pua. Tulilibandika kwenye ukuta wa stesheni. Madereva wa malori waliliona wakingoja makaratasi ya forodha, wakalipeleka kwa midomo hadi Eldoret upande mmoja na Jinja upande wa pili. Habari ikawa kubwa kuliko sisi. Nilifurahi. Nilidhani hayo ndiyo matunda ya elimu.

Kisha jambo lilianza kwenda vibaya, au hivyo ndivyo nilivyolielewa. Bondia wetu aliacha kuja mazoezini. Nilipomfuata kinuni alikuwa mkarimu, akanipa kiti, lakini hakunitazama usoni.

"Mambo ya nyumbani yamegeuka kidogo, mwalimu."

"Yamegeukaje, mzee? Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Yamegeuka vizuri. Hiyo ndiyo shida."

"Basi tuahirishe."

Hapo alinitazama. Mbele ya kinu, vijana waliokuwa wakipakia marobota walikuwa wamenyamaza kutusikiliza. "Tuahirishe useme nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Utasema nani ameogopa?"

Leo naona kwamba alikuwa amenieleza kila kitu isipokuwa sababu yenyewe. Angejitoa, mashabiki wangemwita mwoga, na kama angeitaja sababu angekuwa ametangaza sokoni mambo ambayo wazee hawajayamaliza. Mwenzake wa Tororo alikuwa amebanwa vivyo hivyo. Wala hawakuweza kutumiana ujumbe wa kupanga la kufanya, kwa maana wakwe wapya hawatumiani maneno ya mzaha wala ya ngumi. Kila kitu hupita kwa wazee. Mimi nilidhani ni hofu ya kawaida ya mtu aliyezeeka. Nikamtia moyo! Nilimwambia, nakumbuka kwa aibu, kwamba ujasiri ni kushinda nafsi.

Siku ya Jumamosi uwanja wa mbele ya stesheni ulijaa kabla ya saa nane mchana. Ulingo tulikuwa tumeupanga kwa mataruma ya reli yaliyochakaa, tukatandika turubai juu, na kamba tuliazima kinuni. Kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa simu ndicho kilichokuwa kengele yetu. Nilikuwa nimemleta mfunga vidonda kutoka Nangina pamoja na sanduku lake la dawa, nikazikagua glavu mara tatu kuhakikisha hazina uzi uliotoka. Hayo yote niliyafanya kwa ajili ya ahadi. Nilikuwa mwamuzi pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeaminiwa na pande zote mbili; nami, ukweli ni kwamba niliaminiwa kwa kuwa sikuwa shabiki wa mtu.

Malori yalikuwa yamesimama kando ya barabara hadi mbali, na utingo walikuwa wamepanda juu ya mizigo. Wanawake wachuuzi walikaa mbele, vikapu vyao miguuni. Ng'ambo, jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba mtupu, lilionekana wazi siku hiyo, na Waganda waliovuka walikaa upande wa jiwe lao kana kwamba nalo limekuja kushangilia.

Mabondia walipopanda ulingoni, kelele zilikatika kama redio iliyokatwa betri. Wetu alivaa suruali ndefu na shati jeupe la mikono mirefu, lililofungwa vifungo hadi shingoni. Mzee wa Tororo alivaa kanzu. Kanzu nyeupe, ndefu, iliyopigwa pasi, na juu ya mikono yake glavu nyekundu.

Utingo mmoja juu ya lori la chumvi ndiye aliyevunja ukimya. "Hawa wazee wamekuja kuoa ama kupigana?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sasa natambua kwamba si uwanja mzima. Upande wa wanawake wachuuzi, na kwa wazee waliokaa juu ya magogo, hakuna aliyecheka.

"Toa shati, mzee! Tuone hiyo kushoto!"

"Anaogopa baridi!"

"Ssebo, bwana, hiyo kanzu utaivua lini? Unaenda kanisani?"

Nilikwenda kwenye kona ya bondia wetu. Jambo moja lilinitia wasiwasi kweli: vifungo. Vilikuwa vya mfupa, vikubwa, na nilifikiri kwamba ngumi ikiteleza juu yake kimoja kinaweza kukatika na kuingia kwenye lile jicho bovu. Na kanzu ya mwenzake ingemnasa miguu, aanguke. Nilikuwa nimetoa ahadi.

"Mzee, shati ni hatari. Tulitoe."

"Mwalimu, si mbele ya huyu."

"Zamani mlipigana hivyo hivyo, mzee. Watu wameona tangazo."

"Zamani ilikuwa zamani. Si mbele ya huyu."

Nilidhani ni aibu ya uzee, ya kifua kilicholegea mbele ya kifua cha hasimu. Alikuwa na glavu zote mbili, zimekwisha kufungwa kamba. Hakuweza kunizuia isipokuwa kwa kunisukuma, na hakunisukuma. Nilishika kola yake, nikafungua kifungo cha kwanza. Nikafungua cha pili.

Nyuma yangu nilisikia miguu ikigeuka juu ya turubai. Mzee wa Tororo alikuwa amegeuka na kutazama nguzo ya kona yake, uso karibu uguse mbao, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mashabiki walipiga mayowe. Wengine walidhani anamtukana mwenzake kwa kumpa mgongo, wengine walidhani anakimbia. Maganda ya machungwa yaliruka ulingoni. Mimi nilisimama na vidole kwenye kifungo cha tatu, nikimtazama mgongo mtu wa Tororo.

"Wewe mwalimu! Funika huyo mtu!"

Alikuwa mama mmoja mchuuzi wa samaki, wa Port Victoria, ambaye alikuwa amesimama na kushika kamba ya ulingo kwa mikono miwili.

"Mama, kaa chini, tunaanza."

"Funika yeye! Hao ni wakwe! Msichana yuko kwao, unamvulia baba yake nguo? Wewe ulisoma nini huko?"

Sijui kama nimewahi tena kusikia sauti ya mtu mmoja ikisafiri hivyo katika umati, ikapokewa na wengine, ikawa mnong'ono. Waliokuwa watu wa huku mpakani, Mkenya na Mganda, walielewa kwa pamoja na mara moja. Wazee juu ya magogo walishusha nyuso. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho. Lakini madereva, mawakala wa forodha, na wote waliofika kutoka mbali hawakuelewa kitu, wakazidisha kelele, na uwanja ukawa viwanja viwili. Nami nilikuwa katikati, sijui ni wa upande upi.

Nilifunga vifungo. Kimoja kilinichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kufunga kifungo chochote. Bondia wetu alinyoosha shingo ili kunisaidia.

"Nisamehe, mzee," nilimwambia.

"Gonga kengele," akajibu.

"Hamtapigana."

"Hatutapigana. Gonga kengele. Hawa watu wamengoja tangu ile mvua."

Nilimpa ishara kijana wa chama aliyeshika nyundo. Reli ililia. Bondia wetu alitembea hadi katikati ya ulingo, akageuka, akampa mgongo mzee wa Tororo. Akainua glavu. Mzee wa Tororo, ambaye bado alikuwa akitazama nguzo, alirudi kinyumenyume, hatua baada ya hatua, hadi naye akawa katikati, akainua zake. Walisimama mgongo kwa mgongo, nafasi ya hatua moja kati yao, shati moja na kanzu moja. Kisha kila mmoja akaanza kupigana na hewa iliyokuwa mbele yake.

Kwa muda nilidhani wamerukwa na akili. Mashabiki nao walidhani hivyo. Palikuwa na vicheko na miluzi, na sauti ikapiga kelele kwa Kiganda, "Mukube! Mukube!" yaani mpige, na nyingine ikaijibu, "Amkube nani, na hamwoni?" Lakini polepole niliona kitu ambacho hadi leo nikikieleza watu hunitazama kwa huruma. Mataruma yale yalikuwa yakilia chini ya miguu. Mmoja akihamia kulia, mbao zililia, na mwenzake, bila kugeuka, aliinamisha kichwa kuukwepa upande ambao ngumi ingetokea kama wangekuwa wameelekeana. Mmoja akirusha ngumi, mwingine alikinga. Walikuwa wakisikilizana kwa nyayo.

Mwenye duka la vitambaa alikuwa amesogea hadi kwenye kamba. Alianza kusema, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti ya mwadhini. "Hiyo ni raundi ya kwanza. Wallahi ni ile ile! Sasa atapiga tumboni. Mmeona? Amepiga! Na yule ataruka nyuma." Na yule akaruka nyuma. Wazee wachache wa Tororo waliokuwa uwanjani enzi zile walimjibu kutoka upande wa pili, wakimsahihisha: "Si tumbo, ni ubavu, wewe muuza vitambaa!" Hivyo mashabiki wazee wakalisoma pambano lile kwa sauti, huku vijana wakiuliza kila saa nini kinatendeka. Nilimwona utingo wa lori la chumvi, yule wa mzaha wa kuoa, ameketi sasa, mikono juu ya magoti, kinywa wazi. Sikuweza kujua kama amevutiwa au amekata tamaa. Sidhani yeye mwenyewe alijua.

Katika raundi ya tatu walichoka. Wote wawili walikuwa wakihema, jasho limelowesha shati na kanzu, na ile hatua moja iliyokuwa kati ya migongo yao ilianza kupungua. Bondia wetu alirudi nyuma kidogo. Mzee wa Tororo, akikwepa ngumi ambayo haikuwapo, alirudi nyuma pia. Niliona kitakachotokea. Wasingegusana kwa ngumi, wangegusana kwa migongo, jasho kwa jasho, mbele ya umati wote. Na binti aliyepanda baiskeli asubuhi nzima kuja Busia angerudishwa kwao.

Niliingia katikati. Sikuwa na njia nyingine, niliingia ubavu ubavu, na migongo ile miwili ikanibana. Mmoja ulinipiga bega la kulia na mwingine bega la kushoto. Nilikuwa nimevaa tai.

"Refa amekuwa mkate!" mtu akapiga kelele. "Mkate na siagi!"

Uwanja ulicheka, na safari hii ulicheka wote. Mabondia hawakuacha. Walimaliza raundi nzima nikiwa kati yao, nikihisi pumzi zao zikigonga mbavu zangu kutoka pande mbili, na jasho la wakwe wawili likikutana kwenye koti langu. Reli ilipolia, kila mmoja alikwenda mbele moja kwa moja, akashuka kwa upande wake, bila kutazama nyuma. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Hakuna aliyetangazwa mshindi.

Watu walitawanyika wakibishana. Nilisikia waliosema wameona pambano bora maishani, na waliosema wamechezewa. Dereva mmoja alinijia, mtu wa mbali, mpole kwa sura.

"Boss, nimelaza lori hapa siku mbili nione hawa wazee. Niambie tu ukweli. Waliogopana?"

Nilitaka kumjibu. Lakini mambo yale bado yalikuwa ya wazee, na nilikwisha kuyaharibu vya kutosha. Niliinama kukunja turubai. Akatikisa kichwa. "Waliogopana," akajijibu, akaenda kuwasha lori, na kuanzia siku ile neno hilo likasafiri pamoja naye.

Binti alirudishwa kwa baba yake wiki iliyofuata. Ugomvi haukuwa juu ya migongo, bali juu ya vifungo viwili. Mzee wa Tororo aliwaambia wazee kwamba aligeuka mapema, hakuona kitu. Bondia wetu alisema hata kama mwenzake hakuona, yeye alifunguliwa mbele yake. Wazee walikaa siku mbili, wakaamua kwamba achinjwe kondoo, pande zote mbili zimle, na ndoa iendelee. Na kondoo, wakasema, apelekwe na mkono uliofungua.

Nilikuwa nikifundisha darasani kwamba mambo ya namna hiyo ni giza ambalo elimu imekuja kuliondoa. Nikienda, nimekiri nisichokiamini. Nisipokwenda, binti atakaa kwa baba yake kwa sababu ya vidole vyangu. Nilinunua kondoo Malaba, nikamfunga kamba, nikaanza kutembea naye kuelekea mpakani nikiwa na koti lile lile.

Kwenye kizuizi askari alinisimamisha.

"Mwalimu, unauza?"

"Siuzi."

"Basi wa nini? Wa sikukuu?"

"Ni wa vifungo viwili," nilimwambia, kwa sababu sikuweza kufikiri uongo.

Alikuwa mtu wa pande hizi. Alimtazama kondoo, akanitazama, akainua mti wa kizuizi mwenyewe kwa mikono yake, ingawa tungeweza kupita kando. "Pita, mwalimu," akasema. "Na usimfungue huyo njiani."

Binti alirudi kwa mumewe kabla ya msimu wa pamba kwisha. Sasa wana mtoto. Siku ile nilipompeleka kondoo nilimwona binti kwa mbali, ameketi na wanawake wa kwao waliovuka kuja kula, na sikujua kama nimetimiza ahadi yangu au nimeivunja kisha nikaiunga. Hawakugusana, hilo ni kweli. Lakini walioitimiza ni wao, na mabega yangu, wala si akili yangu. Bado nafundisha. Nikifika kwenye somo la giza na elimu, sauti yangu hupungua, na wanafunzi wananitazama wakingoja nimalizie sentensi.

Jambo moja tu halijatengemaa. Neno la dereva yule limerudi. Hupita na malori kila wiki, kwamba wazee wawili wa mpakani waliogopana hadi wakapeana migongo. Mwaka huu mume wa binti alipigana na utingo mmoja Tororo kwa ajili ya neno hilo, akavunjika kidole, na binti akanitumia salamu kwa mwenye baiskeli: "Mwambie mwalimu, watu bado wanasema." Wazee wenyewe hawawezi kujitetea, kwa maana mkwe hamzungumzi mkwe mwenzake mbele ya watu. Niliwaendea kila mmoja peke yake, nikaomba ruhusa ya kuandika haya. Mmoja alisema, "Andika." Mwingine alicheka, akaniuliza kama nitaandika na habari ya mkate na siagi.

Basi nakuomba wewe unayesoma: ukimsikia mtu yeyote, kwenye lori, dukani, au stesheni, akisema wazee wale waliogopana, mwambie walikuwa wakwe, na kwamba aliyefungua vifungo ni mimi.